Shule Ndogo Iliyorukwa

Siku moja ya usichana wangu imekaa kwangu kuliko nyingine zote, nami nitaanza nayo, ingawa jambo ninalotaka kukueleza, mwanangu, lilitokea hapa Dallas mwaka huu, katika shule ambayo sijapata kuketi darasani mwake. Uwe na subira. Mzee hafiki mahali kwa njia ya mkato.

Kwetu ni Umatengo, milimani, kusini mwa Tanzania. Enzi hizo watu wa ukoo mmoja hawakula kila mtu kwake. Kila nyumba ilipika yake, na sisi wasichana tukabeba vyungu mpaka kwa mkubwa wa ukoo, ambako wanaume walikaa pamoja, wakala pamoja, na baada ya kunawa wakayazungumza mambo ya ukoo. Baraza hilo tuliliita sengu. Wanawake tulikula upande wetu, masikio yakiwa upande wao. Sheria ilikuwa moja: hakuna amegaye ugali mpaka chungu cha kila nyumba kimefika.

Siku hiyo walikuja wageni kutoka misheni, katekista na fundi wa kujenga, kuzungumza habari ya shule ambayo mapadre walitaka kuijenga kwenye kilima chetu. Baba yangu mkubwa, Severini, alitaka tuonekane watu. Alipita jikoni mwenyewe akionja. Alipofika kwenye nyumba ya mjane wa mdogo wake babu, mwanamke aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma akiwa msichana mwenye njaa na kuolewa kwetu, alikuta mboga ya majani isiyo na karanga wala chumvi ya kutosha. Akatuambia sisi wasichana, chungu hiki leo kipumzike. Tukakiacha.

Wageni waliketi. Maji ya kunawa yakapita, na yalipofika kwa babu, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo, hakunyoosha mikono. Aliviangalia vyungu kimoja baada ya kingine kama mtu anayetazama watoto wake wakirudi shambani, kisha akauliza chungu cha nyumba ile kiko wapi. Baba mkubwa akajibu kwa adabu kwamba chakula kinatosha.

"Sikuuliza kama chakula kinatosha," babu alisema.

Katekista alitazama miguu yake. Baba mkubwa akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa anaficha aibu ya ukoo mbele ya wageni. Babu akamwambia maneno ambayo nimeyabeba kuvuka bahari: "Severini, leo unaiacha nyumba kwa sababu ya mboga. Kesho wanao wataiacha kwa sababu ya nasaba. Keshokutwa wajukuu wataapa kwamba haikuwapo."

Chungu kikaletwa. Mboga ilikuwa mbaya kweli, niliionja baadaye. Wageni waliila, na shule ikajengwa vilevile.

Kaka zangu walisoma humo. Mimi nilibeba mchanga na maji ya kufyatulia matofali, kisha nikaolewa. Silalamiki. Nasema ili ujue anayekuhubiria habari za shule ni mtu wa namna gani. Wengine wanayajua majengo ya shule kwa vitabu vilivyomo. Mimi nayajua kwa uzito wake.

Sasa ninakaa DeSoto, kusini mwa Dallas, kwa binti yangu Beata, ambaye ni muuguzi. Mjukuu wangu Anjela ndiye anayeyaandika haya ninapoyasema. Yuko darasa la mwisho katika sekondari ya Kikatoliki iliyo upande wa kaskazini wa jiji, shule ya kuwaandaa vijana kwa vyuo vikuu. Kila asubuhi mama yake humvusha jiji zima kwa gari, ama akitoka zamu ama akienda zamu. Jina la shule silitaji, kwa kuwa sikusudii kuisifu wala kuishitaki.

Shule hiyo mwaka huu ilifanya jubilei, na Anjela alichaguliwa kuisoma historia yake mbele ya watu. Historia hakuiandika yeye. Iliandikwa na wazee waliosoma pale, akapewa ikiwa imekwisha kunyooshwa kama shuka la hospitali. Aliifanyia mazoezi hapa mezani, akinitafsiria aya kwa aya, nami nikaijua kama ninavyoijua Rozari.

Ilisema hivi. Masista wachache walifika Dallas kwa treni wakati mji ulipokuwa matope na farasi. Walipewa nyumba ya mbao iliyovuja. Walianza kuwafundisha wasichana, wa Kikatoliki na wasio wa Kikatoliki, kwa maana shule njema zilikuwa chache, na mzazi mwenye haja hachagui shela la mwalimu. Wakajenga nyumba ya matofali yenye mnara. Wasichana wakalala bwenini, wakajifunza Kilatini na piano. Homa ikapita ikaua baadhi ya masista, na wengine wakaja kujaza nafasi zao. Jiji likakua likaufuata ule mnara mpaka likauzunguka. Ardhi ikauzwa, mnara ukabomolewa, shule ikahamia kaskazini palipokuwa mashamba ya pamba. Huko ikaungana na shule ya wavulana iliyokuwa ya mapadre. Masista wakazeeka. Leo hakuna sista hata mmoja anayefundisha pale. Wamebaki katika picha na katika dirisha la kioo la kanisa dogo la shule. Lakini vijana wote wa darasa la mwisho huenda vyuo vikuu, na uwanja wao wa mpira una taa zinazoonekana kutoka barabara kuu.

Niliisikia nikaona ni historia njema. Watu walifanya kazi, wakafa, kazi ikabaki. Sikuwa na neno.

Neno lilikuja Jumapili, baada ya Misa, katika ukumbi wa parokia yetu hapa kusini, watu wakinywa kahawa na kula maandazi yao yenye tundu katikati. Anjela alikuwa amevaa sweta la shule. Mwanamke mmoja wa umri wangu, Mmarekani Mweusi, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hukaa benchi la mbele yetu na kofia zake huniziba nisimwone padre, alimsimamisha akalishika sweta kwenye mkono. Anaitwa Verna. Vijana wa huku humwita Miss Verna. Mimi namwita Bi Verna, naye ameridhika.

Alimwambia Anjela, hii ni shule yangu.

Anjela alicheka kwa heshima, akidhani bibi wa watu amechanganya. Akamweleza kwamba anaijua historia yote, anaisoma kwa moyo, na kwamba miaka ya usichana wa Bi Verna shule haikuwa inapokea watoto Weusi. Anjela, andika hivyohivyo, usijipunguzie.

"Najua, mwanangu," Bi Verna alimjibu. "Ndiyo maana walikuwa na nyingine kwa ajili yetu."

Tulimfuata nyumbani kwake. Alikuwa na bakuli la kunde za kumenya, nami sijui kukaa mbele ya kunde mikono ikiwa mitupu, kwa hiyo tulimenya wote wawili naye akasimulia, Anjela akitutafsiria. Masista walewale wa mnara walikuwa na shule ndogo kusini mwa jiji, ya watoto Weusi, kwa sababu sheria na desturi ya wakati ule haikuwaruhusu watoto kuketi pamoja. Vyumba vilikuwa vichache na kitabu kimoja kilisomwa na watoto wawili. Lakini Kilatini kilikuwa kilekile, na sista aliyewafundisha jiometri alikuwa mkali kama aliyekuwa akiwafundisha wale wa mnara, maana alikuwa mtu yuleyule. Asubuhi huko, mchana huku. Kisha nyakati zikabadilika. Wakubwa wakasema sasa watoto watasoma pamoja. Wakaifunga ile ndogo, wakaita kuunganisha. Bi Verna na wenzake wachache walimalizia mwaka wa mwisho kaskazini, wakiwa watoto Weusi wa kwanza kuupita mlango ule. Makombe yao, sanamu yao ya Bikira Maria na picha za waliohitimu kabla yao vilipakiwa kwenye gari, na hakuna aliyeviona tena.

Kaskazini kuna ukumbi mrefu wenye picha za wahitimu wa miaka yote, tangu mwaka wa kwanza. Bi Verna alikwenda zamani kuuliza kuhusu picha za shule ndogo.

"Kule waliniambia sisi ni wa huku," alisema. "Nikaja huku, pamegeuzwa duka la matairi."

Akacheka. Ana kicheko cha kutikisa mabega. Mimi sikucheka, na yeye aliona. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini hawakutukataza kumwacha acheke apendapo.

Anjela alirudi nyumbani akaisoma tena ile historia. Shule ndogo haikuwamo. Kati ya mnara kubomolewa na wavulana kuungana palikuwa na sentensi moja laini isemayo kwamba shule ilifungua milango yake kwa wote. Milango ilifunguka yenyewe, kama mlango wa duka kubwa.

Alikwenda kwa mwalimu aliyekuwa akimwongoza katika usomaji. Mwalimu alimsikiliza vizuri, akasema ni jambo la kusisimua, na kwamba siku ya sherehe si mahali pake; huenda likaandikwa baadaye mahali pengine. Anjela akaridhika. Alinijia jikoni akasema limekwisha.

"Bibi, ni speech tu. Watu watakuwa wanasubiri chakula."

Nikamwambia, hata kwenye sengu walikuwa wanasubiri chakula. Ndipo nikamsimulia ile siku ya chungu, kama nilivyokusimulia wewe.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni katika nguo zake za kazi. Hakupendezwa. Naye alikuwa na haki yake, mwanangu. Sitamchora kama mjinga mtu ambaye amenilisha miaka hii yote. Mwaka huu Anjela anaomba nafasi vyuoni, na vyuo vya huku havitazami alama pekee. Hutaka neno la mkuu wa shule kuhusu tabia ya kijana. Beata amefanya kazi ya usiku kwa ajili ya neno hilo.

"Mama, usimharibie mtoto," aliniambia. "Ana-apply sasa hivi. Principal ndiye ana-recommend. Tumuudhi kwa hadithi ya watu wengine?"

"Hadithi ya watu wengine ndiyo iliyomfungulia mlango," nikamjibu. "Au unadhani aliingia kwa sababu wewe ni muuguzi mzuri?"

Alichukua funguo za gari akaenda kazini, na kwa siku kadhaa alinisalimia kama anavyowasalimia wagonjwa, kwa upole na kwa haraka.

Sikumwamuru Anjela kitu. Mtu aliyeamriwa kusema kweli huibeba kama mzigo wa mwenye nyumba, na akipata kona huutua. Nilimwambia tu kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kwamba ulimi hujikwaa kwa kusema na hujikwaa kwa kunyamaza. Achague mwenyewe mwiba wake. Akakaa nalo. Aliacha kufanya mazoezi mezani. Nilimsikia akimwambia rafiki yake kwa simu, kwa Kiingereza chao cha haraka, maneno ambayo sikuyaelewa, lakini jina la Bi Verna nililielewa.

Kisha akaomba kumwona mkuu wa shule.

Mkuu si mtu mbaya. Ni mlei, baba wa watoto, amewakuta masista wakiwa tayari picha ukutani. Anjela alimweleza kwamba hawezi kuisoma historia ile ikiwa imewaruka watoto waliomtangulia mlangoni. Alimpa jina la shule ndogo na yale aliyoyasikia kwa Bi Verna. Mkuu akauliza maswali machache, akasema historia imeandikwa na wazee wanaoheshimika na mwanafunzi hawezi kuibadilisha. Akasema atafikiri. Siku mbili hazikupita, usomaji ukapewa kijana mwingine wa darasa lake, mwenye sauti nzuri.

Anjela alilia. Beata aliniangalia. Mimi nilisali Rozari yangu.

Siku ya jubilei tulikwenda wote, Bi Verna akiwa nasi ndani ya gari na kofia ya zambarau iliyogusa dari. Misa ilisomwa katika ukumbi wa michezo kwa wingi wa watu. Baada ya Misa kijana akasimama kusoma. Anjela aliketi kati yangu na Bi Verna, akinitafsiria sikioni kwa mazoea, kwa maana aliyajua maneno yote kabla hayajasemwa. Treni. Matope. Nyumba iliyovuja. Mnara. Homa. Mashamba ya pamba. Kisha akanyamaza, na mimi nikadhani amechoka.

Kijana alikuwa amesoma sentensi ambayo Anjela hakuijua. Ilisema kwamba masista hao waliendesha pia shule ya watoto Weusi kusini mwa jiji, akaitaja kwa jina, akataja mtaa, akasema wanafunzi wake walikuja kumalizia masomo yao hapa na kwamba shule inawahesabu kuwa wake. Kisha akaendelea na wavulana na mapadre.

Sentensi moja, mwanangu. Ilipita kama gari barabarani. Watu hawakupiga makofi wala hawakugeuka. Nami nikaelewa alichofanya mkuu. Mkubwa akikubali kwamba palikosewa, hupenda kukubali bila ya aliyemwonyesha kusimama kando yake. Nimeona hivyo Umatengo, nimeona hivyo Texas. Simlaumu. Chungu kililetwa, ingawa aliyekidai alifukuzwa kwenye sinia.

Tulitoka nje kwenye maegesho, jua la hapa likipiga lami. Anjela alimwomba Bi Verna radhi kwa kuwa imekuwa sentensi moja tu. Bi Verna alikuwa akitafuta miwani yake ya jua ndani ya mkoba.

"Na mtaa wamekosea," alisema. "Haukuwa mtaa ule. Ule ni wa nyuma, palipokuwa na kinyozi."

Anjela akaona aibu kubwa. Akasema atamwambia mkuu Jumatatu, warekebishe.

"Mwambie," Bi Verna akasema, akavaa miwani. "Nimengoja maisha yangu yote wanipe kosa la kusahihisha."

Beata, ambaye alikuwa ameshaufungua mlango wa gari, aliufunga tena. Kisha akamwuliza Bi Verna kama angependa kutuonyesha huo mtaa wenyewe ulipo, kwa kuwa uko njiani kurudi. Tulikwenda. Ni kweli, ni duka la matairi.

Kama neno la mkuu juu ya Anjela litakuwa zito au jepesi, sijui. Vyuo havijajibu. Huenda mtoto amepoteza kitu, na sitamdanganya kwamba hakupoteza. Anayetaka kusema kweli bila gharama, anataka kuvuna bila kupalilia.

Haya ndiyo ninayokuusia, mwanangu, wewe unayesoma na hata wewe usiyenijua.

Utasoma katika nyumba ambazo hukuzijenga. Utapita milango ambayo wengine waliipita kwanza, wakatazamwa kwa macho ambayo wewe hutatazamwa. Siku utakayosimama kusimulia habari ya nyumba hiyo, iwe shule, iwe parokia, iwe ukoo wako, usiisimulie kwa kuwapendeza walioketi viti vya mbele. Uliza nani hayumo. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, nayo ni kweli kwa mlevi aliyelala shambani wenzake wakigawana. Lakini si kila asiyekuwepo aliondoka mwenyewe. Wengine walipakiwa kwenye gari.

Na usidharau jema dogo. Ukidai ukurasa ukapewa sentensi, ipokee, kisha Jumatatu urudi. Aliyetajwa kwa kosa anaweza kusahihisha. Asiyetajwa hana pa kuanzia.

Usidai pia ushukuriwe. Aliyerudisha haki ya mtu amerudisha mali ya mwenyewe, hakutoa sadaka.

Mungu aliyeyahesabu majani ya milima yetu na majani ya tambarare hizi za Texas akupe kinywa kisichomruka mtu. Akupe mama wa kukugombeza na rafiki mzee wa kukuchekesha. Na siku watakapolisoma jina lako mbele ya watu, wakilikosea, asikose kuwapo mmoja wa kusimama na kuwasahihisha.